Njia Zisizo na Magari: Baiskeli na Afya Katika Mashamba ya Ufaransa



Katika ukurasa huu tumesema mara nyingi kwamba mwili usiotumika huota kutu kama jembe lililoachwa uani. Leo hatutarudia somo hilo. Tunapenda kuzungumzia kizuizi kimoja ambacho wengi wetu hukisahau tunapomwagiza mgonjwa afanye mazoezi. Kizuizi hicho ni hofu ya barabara.

Mmoja wetu, ambaye katika makala haya tutamwita "mwenzetu", alikuwa mpanda baiskeli hodari tangu ujana wake. Miaka tisa iliyopita lori lilimsukuma nje ya lami, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Mfupa ulipona baada ya majuma machache, lakini woga haukupona. Baiskeli ikatundikwa ukutani. Mwaka hadi mwaka uzito ukaongezeka, shinikizo la damu likapanda, na hatimaye daktari akamwonya kwamba kisukari nacho kinabisha hodi. Daktari alimwandikia vidonge, kisha akamwagiza afanye mazoezi ya nusu saa kila siku, ikiwezekana kwa baiskeli, kwa kuwa magoti yake hayawezi tena kukimbia. Mwenzetu alimjibu hivi: "Daktari, dawa hiyo naijua vizuri. Lakini niinywe wapi? Barabarani kuna malori."

Kwa kweli daktari hakuwa na jibu, na sisi pia hatukuwa nalo. Jibu tulilipata mwezi Septemba mwaka jana, tulipokuwa safarini nchini Ufaransa, katika eneo la Bourgogne. Mwenyeji wetu, mama mmoja aliyestaafu kazi ya uuguzi, alipoisikia habari ya mwenzetu alitabasamu akasema, "Kesho mwende Givry. Mkodi baiskeli, mwende Cluny polepole. Huyu ataniletea majibu jioni."

NJIA YA KIJANI NI NINI?

Kutoka mji mdogo wa Givry mpaka Cluny kuna njia yenye urefu wa kilometa 44 ambayo gari haliruhusiwi kupita. Wafaransa huita njia za namna hii "voie verte", maana yake njia ya kijani. Njia hii ya Givry ilifunguliwa mwaka 1997, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini humo. Mwaka 2004 serikali ya Ufaransa iliingiza njia za kijani katika sheria zake za barabarani na kuzipa alama yake maalumu. Sheria hiyo ya mwaka 2004 ilisema kwamba njia hizo ni za vyombo visivyo na injini, watembea kwa miguu na wapanda farasi tu. Baiskeli ambazo mota yake ndogo ya umeme humsaidia mtu kukanyaga pedeli nazo huruhusiwa, na jambo hilo limewasaidia wazee wengi.

Yafaa tujue njia hizi zilitoka wapi, kwa sababu asili yake ndiyo inayozifanya ziwe dawa. Njia ya Givry ilikuwa reli. Katika karne ya 19 Ufaransa ilijenga reli nyingi hata vijijini. Mwaka 1879, wakati Charles de Freycinet alipokuwa waziri wa kazi za umma, ilipitishwa sheria ya kupeleka treni katika miji midogo ambayo ilikuwa haijafikiwa. Baadaye yakaja magari, mabasi na malori. Abiria wakapungua, na reli moja baada ya nyingine ikafungwa. Mataruma yaling'olewa, majani yakaota, na stesheni zikabaki bila watu.

Ndipo wenyeji walipotambua kwamba njia ya treni ina sifa moja kubwa: treni haiwezi kupanda mlima mkali. Wajenzi wa zamani walilazimika kukata vilima na kujaza mabonde ili magari-moshi yao yapite, na hivyo mwinuko wake ni wa taratibu mno. Mtu mwenye moyo dhaifu au magoti mabovu anaweza kupanda baiskeli humo bila kuhema kupita kiasi. Basi gari ndilo lililoiua reli, na leo maiti ya reli inawakinga watu na gari.

Asili ya pili ni mifereji. Kabla ya reli, mizigo ilisafirishwa kwa mashua zilizokokotwa na farasi, na farasi hao walitembea kwenye njia iliyo kando ya maji. Mfereji mashuhuri kuliko yote ni Canal du Midi, wenye urefu wa kilometa 240, uliojengwa chini ya uongozi wa Pierre-Paul Riquet kati ya mwaka 1666 na 1681. Mwaka 1996 uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Huko Bretagne upo mfereji mwingine, kutoka Nantes mpaka Brest, unaozidi kilometa 360. Maji ya mfereji hayapandi mlima, na kwa sababu hiyo njia iliyo kando yake ni tambarare, isipokuwa pale penye malango ya kupandishia mashua.

Hapa tutoe tahadhari moja. Si kila njia ya baiskeli ya Ufaransa iko mbali na magari. Ile inayofuata mto Loire, yenye kilometa 900 hivi, inasifiwa sana na inastahili sifa hizo, lakini sehemu zake kadhaa hupita katika barabara ndogo za vijijini ambamo magari yamo, ingawa ni machache. Mwenye hofu kama mwenzetu atafute neno "voie verte" kwenye ramani. Tena sakafu hutofautiana. Njia ya Givry ina lami laini, lakini kando ya Canal du Midi zipo sehemu za udongo wenye mizizi ya miti, ambazo huchosha mikono na kiuno.

SIKU MOJA KUTOKA GIVRY MPAKA CLUNY

Tulianza saa tatu asubuhi. Mwanzoni mwa njia tulikuta vizuizi vifupi vinavyoruhusu baiskeli kupita lakini vinazuia gari. Mwenzetu alisimama akavitazama kwa muda, akavigusa kwa mkono, kisha akapanda.

Kilometa za kwanza zilikuwa ngumu kwake. Si kwamba miguu ilichoka, bali aliushika usukani kama mtu anayeshika kamba kisimani, mabega yamepanda mpaka masikioni. Kila aliposikia mlio nyuma aligeuka haraka, na kila alipogeuka aliona kitu kilekile: mtu. Mara alikuwa mtoto akijifunza baiskeli na babu yake, mara mama mzee mwenye kikapu cha mkate, mara kijana katika kiti cha magurudumu akijisukuma kwa mikono. Wote walitusalimu. Tulishangaa kidogo, kwani tulikuwa tumeambiwa kwamba Wazungu hawasalimiani njiani. Huenda ni gari ndilo linalowanyima watu nafasi ya kusalimiana.

Njia inapita katikati ya mashamba ya mizabibu mpaka Buxy, halafu inaingia malishoni penye ng'ombe weupe wa aina ya Charolais. Stesheni za zamani bado zipo, na watu hukaa kivulini penye sakafu ambapo zamani walingoja treni. Saint-Gengoux-le-National tulipumzika, tukala mkate, jibini na matufaha. Mwenzetu alikula kidogo, akatuonyesha viganja vyake vilivyokuwa vyekundu kwa kubana usukani.

Baada ya hapo tulipita karibu na Cormatin, penye jumba kubwa la kale, tukafika chini ya kilima cha Taizé. Wasomaji wengi wanakijua kijiji hiki, ambako Bruda Roger alifika mwaka 1940 na kuanzisha jumuiya yake ya sala, na ambako Papa Yohane Paulo II alipita tarehe 5 Oktoba 1986. Vijana wengine huja huko kwa baiskeli kupitia njia hiihii. Kutoka hapo mpaka Cluny ni mwendo mfupi. Abasia ya Cluny ilianzishwa mwaka 910, na kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko makanisa yote ya magharibi mpaka lilipojengwa upya lile la Mtakatifu Petro kule Roma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa lilibomolewa na mawe yake yakauzwa. Leo umebaki mnara mmoja mkubwa na vipande vichache.

Tulipoegemeza baiskeli ukutani ilikuwa yapata saa kumi alasiri. Mwenzetu alikaa kimya, kisha akasema, "Mmegundua kitu? Tangu Cormatin sijageuka nyuma hata mara moja."

MWILI UNAPATA NINI?

Kwanza, baiskeli hubeba uzito wa mtu. Anayekimbia huyatwisha magoti mzigo kila hatua, lakini anayepanda baiskeli uzito wake mwingi hukaa kwenye kiti. Kwa hiyo baiskeli yawafaa walio wanene, wenye maumivu ya viungo na wazee.

Pili, misuli mikubwa ya mapaja inapofanya kazi kwa muda mrefu hutumia sukari iliyomo katika damu, na mwili huitikia vizuri zaidi insulini yake wenyewe. Moyo nao huzoea kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache. Shinikizo la damu huelekea kushuka kwa saa kadhaa baada ya mazoezi, na mtu akizoea kufanya hivyo kila mara, faida hiyo hudumu zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Mazoezi ya kadiri ni yale ambayo mtu anaweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba. Katika uchunguzi uliofanyika Copenhagen nchini Denmark, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, madaktari waliwafuatilia watu wapatao 30,000 kwa miaka mingi. Wasiotumia baiskeli kwenda kazini walifariki kwa kiwango kilichozidi kile cha wenzao wapandao baiskeli kwa asilimia 39 hivi, hata baada ya kuzingatia mambo mengine kama uvutaji wa sigara.

Tatu, na hapa ndipo njia ya kijani inapopita barabara ya kawaida, mtu anayekanyaga pedeli huvuta hewa nyingi mara kadhaa kuliko aliyekaa. Akiwa nyuma ya lori, huvuta pia moshi wake. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Hali kadhalika makelele ya magari huuweka mwili katika hali ya kujihami: moyo huenda mbio na mishipa hubana, hata kama mwenyewe anadhani ameyazoea. Katika njia ya Givry tulisikia ndege, kengele za ng'ombe na pumzi zetu wenyewe.

MAFUNDISHO YA MZEE VÉLOCIO

Ufaransa ina mzee wake wa safari za baiskeli. Jina lake lilikuwa Paul de Vivie, lakini watu walimjua kwa jina la Vélocio. Alizaliwa mwaka 1853, akaishi Saint-Étienne, akachapisha gazeti la wapanda baiskeli na kuzipigania gia wakati wengine walizicheka. Aliwaachia wasafiri kanuni saba, na hata leo daktari hawezi kuzikosoa sana. Tuzieleze kwa maneno yetu:

1. Usisimame mara nyingi wala muda mrefu, mwili usije ukapoa ukakataa kuendelea.

2. Kula kidogo kidogo, kabla njaa haijauma. Kunywa kabla kiu haijakukamata.

3. Usijichoshe mpaka ukose hamu ya chakula na usingizi.

4. Vaa kabla ya kusikia baridi, punguza nguo kabla ya kutoka jasho jingi.

5. Ukiwa safarini acha divai, nyama na tumbaku.

6. Usijilazimishe, hasa saa za mwanzo unapojiona una nguvu.

7. Usikanyage pedeli kwa ajili ya kujionyesha.

Mwenzetu aliipenda ya saba, kwa sababu wavulana wawili wenye baiskeli za mashindano walitupita kama mshale na sisi tulitaka kuwafuata. Yeye alikataa, na kwa kweli yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Mzee huyu aliyefundisha wengi kusafiri salama alikufa Saint-Étienne mwaka 1930, akigongwa na tramu mjini. Njia za kijani alikuwa hajaziona.

KABLA YA KUANZA

Msomaji atakayebahatika kufika huko, au aliye na ndugu huko, azingatie haya:

Mwone daktari kwanza ikiwa una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu au kisukari. Anayetumia insulini asiondoke bila sukari au maji matamu mfukoni, maana sukari ya damu inaweza kushuka ghafla njiani. Ukisikia kifua kinabana, kizunguzungu au maumivu yanayokwenda kwenye mkono au taya, simama mara moja. Simu ya dharura ni 112, na ya gari la wagonjwa ni 15.

Rekebisha kiti. Ukikaa na kuweka kisigino kwenye pedeli iliyo chini, mguu uwe umenyooka. Kiti kilicho chini mno huumiza magoti, na kilicho juu mno huumiza nyonga. Badili mara kwa mara namna ya kushika usukani ili vidole visife ganzi. Mizigo ifungwe kwenye keria, isibebwe mgongoni.

Anza na kilometa 10 au 15. Sisi tulikwenda 44 kwa siku, na kesho yake mwenzetu hakuweza kukalia kiti cha mbao. Si lazima kufika mwisho wa njia.

Beba maji na chakula. Maduka mengi ya vijijini hufungwa mchana, Jumapili alasiri, na mara nyingi Jumatatu. Wasafiri wengi huchota maji kwenye bomba la makaburini, kwani karibu kila kijiji kina makaburi na bomba la kumwagilia maua. Lakini soma kibao: "eau non potable" maana yake maji hayo si ya kunywa.

Vaa kofia ngumu. Tangu mwaka 2017 sheria ya Ufaransa inamlazimisha kila mtoto wa chini ya miaka 12 kuivaa. Mtu mzima asingoje sheria. Uwe mwangalifu hasa pale njia inapokata barabara, kwa sababu utulivu wa kilometa nyingi humsahaulisha mtu kwamba magari bado yapo duniani.

Jikague jioni. Majanini kuna kupe, na baadhi yao huambukiza ugonjwa wa Lyme. Mng'oe kupe taratibu kwa koleo ndogo, na ukiona wekundu unaotanuka kuzunguka mahali alipokuuma, mwone daktari.

Chukua koti. Kesho yake tulijaribu kipande cha kutoka Cluny kuelekea Mâcon, ambacho hupita ndani ya handaki la reli la Bois Clair, lenye urefu wa mita 1,600 hivi. Kina taa, lakini baridi yake ni ya friji hata siku ya jua kali. Majira ya baridi handaki hufungwa ili popo walalao humo wasisumbuliwe. Ndiyo, ndugu msomaji, huko hata popo wamepangiwa usalama wao.

BAISKELI IMESHUKA UKUTANI

Jioni ile ya Cluny yule mama muuguzi alimpima mwenzetu shinikizo la damu. Lilikuwa limeshuka kuliko asubuhi, naye alitufafanulia mara moja kwamba siku moja haimponyi mtu na kwamba vidonge visiachwe. Alichofurahia yeye kilikuwa kingine. "Sasa anajua," alisema, "kwamba mwili wake haukukataa. Uliogopa tu."

Tuliporudi nyumbani mwenzetu aliishusha baiskeli ukutani, akaitia mafuta cheni na kuziba pancha. Barabara kuu hapandi. Nyuma ya parokia ipo njia ya mashambani iendayo mtoni, ambayo lori haliwezi kupita. Humo hukanyaga pedeli nusu saa kila alfajiri, na siku hizi majirani watatu hufuatana naye. Katika miezi sita amepunguza kilo tano. Vidonge bado anameza, na daktari amempunguzia kimoja.

Basi tunapomwambia mgonjwa afanye mazoezi, tumwulize pia ni wapi. Kule Givry watu hawakusubiri fedha za kujenga kitu kipya. Walichukua njia iliyotupwa, wakaweka vizuizi vifupi mwanzoni mwake, wakaamua kwamba hapa gari halipiti. Kila kijiji kina njia fulani ambayo bado haijachukuliwa na magari. Viongozi wetu wa mitaa na vijiji wanapopanga barabara, waikumbuke hiyo nayo, waiache kwa miguu na kwa baiskeli. Itawatibu watu wengi kabla hawajafika zahanati.